Picha zilizochukuliwa kwenye makumbusho ya Ujerumani 1937: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mada hii ikiguswa maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Kama una haraka ruka mpaka "Kwa nini hazirudishwi tu", maana hapo ndo wengi wanapokwama, na mimi mwenyewe nilikwama hapohapo muda mrefu.

## Mambo ya msingi

Hivi kilitokea nini hasa?

Serikali ya Wanazi iliingia kwenye makumbusho ya nchi yake yenyewe ikatoa kazi za sanaa za kisasa, ikazitukana hadharani, halafu nyingine ikaziuza nje ipate fedha za kigeni na nyingine zikaharibiwa. Vita vilikuwa bado, adui hakuwepo, na hakuna mlango uliovunjwa. Watu walikuja mchana na karatasi yenye saini, wafanyakazi wa makumbusho wakawafungulia stoo, wakaondoka na mizigo.

Karatasi yenyewe ilikuwa amri ya Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, ya tarehe 30 Juni 1937. Ilimpa ruhusa Adolf Ziegler kuchagua na kuchukua kazi za "sanaa potovu" zilizotengenezwa Ujerumani kuanzia 1910, popote zilipo kwenye makumbusho ya umma. Ziegler alikuwa mkuu wa chombo cha serikali kilichosimamia wasanii, na yeye mwenyewe alikuwa mchoraji, tena wa wanawake uchi waliochorwa kwa usafi wa kupitiliza mpaka hawana damu, ndo huyo sasa aliyepewa kazi ya kuamua nini ni sanaa na nini sio.

"Sanaa potovu" maana yake nini?

Neno la Kijerumani ni entartet, nalo halikuzaliwa kwenye sanaa. Lilitoka kwa watu wa biolojia na udaktari, kuelezea kizazi kinachodhoofika na kupoteza asili yake. Ukishalijua hilo unaona kwamba hawakuwa wanasema "hii picha mbaya", walikuwa wanasema hii picha ni ugonjwa na aliyeichora ni mgonjwa, na ugonjwa dawa yake kuukata.

Kivitendo liliingiza karibu kila kitu kipya: rangi zisizofanana na za kweli, nyuso zilizopinda, picha zisizo na umbo la kitu chochote, wanajeshi waliochorwa wakiwa vilema badala ya mashujaa, na kazi za wasanii Wayahudi. Ila usidhani wasanii wote waliolengwa walikuwa Wayahudi au wapinzani wa chama. Wengi hawakuwa. Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi kabisa na bado ndo anaongoza kwa kunyang'anywa, kazi zaidi ya 1,000.

Zilichukuliwa ngapi?

Kama 21,000, kutoka makumbusho yapatayo 100. Watu wakisikia hivyo wanafikiria picha kubwa za mafuta elfu ishirini ukutani, lakini sehemu kubwa zilikuwa kazi za karatasi: michoro, chapa za mbao, rangi za maji, vitu vya kulazwa kwenye makasha ya stoo. Hiyo haipunguzi hasara. Inaeleza tu kwa nini nyingi zimepotea bila mtu kugundua, maana picha ya karatasi inaingia kwenye begi.

Zilichukuliwa kwa awamu mbili. Julai 1937 ilikuwa fasta fasta, wanatafuta vitu vya kuweka kwenye maonesho (angalia sehemu ya Munich hapo chini). Agosti wakarudi kwa utulivu na kusomba zilizobaki.

## Makumbusho ya Folkwang, Essen

Kwa nini Folkwang inatajwa kila mara?

Kwa sababu ilikuwa nayo mengi ya kupoteza. Karl Ernst Osthaus aliifungua mji wa Hagen mwaka 1902 kwa pesa ya urithi, akawa ananunua kazi za wachoraji Gauguin, van Gogh, Cézanne na Matisse wakati makumbusho mengi yalikuwa bado yanawacheka. Alipofariki 1921 mkusanyiko ukauzwa, na 1922 ukahamia Essen. Mwaka 1932 Paul J. Sachs, mmoja wa waanzilishi wa Museum of Modern Art ya New York, aliiita makumbusho nzuri kuliko zote duniani. Miaka mitano baadaye ikapoteza kazi kama 1,400.

Mkurugenzi alikuwa wapi?

Hapo ndo panauma. Ernst Gosebruch, aliyeijenga makumbusho hiyo pale Essen, alisukumwa mpaka akatoka 1933. Aliyekuja baada yake, Klaus Graf von Baudissin, alikuwa mwanahistoria wa sanaa mwenye elimu yake, na alikuwa mwanachama wa SS, kikosi cha Wanazi. Hakungoja amri ya mtu. Mwaka 1936, mwaka mzima kabla ya Ziegler, alishauza picha ya mchoraji Kandinsky iliyokuwa ya makumbusho kwa dalali Ferdinand Möller kwa Reichsmark 9,000 (hela ya Ujerumani ya wakati ule). Halafu 1937 akaingia kwenye kamati ya Ziegler, akawa anazunguka kwenye makumbusho ya wenzake kuchagua cha kubeba.

Kwa hiyo ukiuliza nani aliipora Folkwang, jibu halianzii Berlin. Funguo alikuwa nazo bosi wa ndani.

Hakuna hata mmoja aliyegoma?

Walikuwepo, ila kugoma kulikuwa na bei na hakukuokoa picha. Eberhard Hanfstaengl, mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Nationalgalerie, Berlin, hakukubali kushirikiana na kamati, akaondolewa kazini mwaka huohuo wa 1937. Na hata yeye alikalia kiti cha Ludwig Justi, mtu aliyefungua sehemu ya sanaa ya kisasa ya Nationalgalerie kwenye jumba la Kronprinzenpalais mwaka 1919, akafukuzwa 1933.

Ujanja wao ulikuwa hapo. Walianza na watu, picha zikafuata. Mpaka 1937 inafika wakurugenzi wengi wenye msimamo walishatolewa zamani, kwa hiyo amri ilipotoka hakukuwa na wengi wa kusimama mlangoni.

## Maonesho ya Munich

Kama walizichukia hivyo, kwa nini waliwaonesha watu?

Ili watu wazicheke. Maonesho yalifunguliwa 19 Julai 1937, siku moja tu baada ya Hitler kufungua jumba jipya la sanaa "safi" hapohapo Munich, na majengo yenyewe hayakuwa mbali. Huku marumaru, nafasi na mwanga. Kule vyumba vyembamba vya jengo la Hofgarten na kazi kama 600 zimebananishwa, nyingine karibu zigusane, na matusi yameandikwa ukutani juu na chini yake.

Ukipanda ngazi kitu cha kwanza kukutana nacho ni Yesu msalabani wa mbao, mkubwa, kazi ya Ludwig Gies, aliyekuwa ananing'inia kwenye kanisa kuu la Lübeck. Yaani mtu anaingia akiwa tayari kashatukaniwa dini yake, halafu anaambiwa aliyetukana ni msanii.

Ila kwangu uhuni mkubwa ulikuwa kwenye bei. Pembeni ya picha waliandika makumbusho ilinunua kwa kiasi gani, na kikaratasi kwamba imelipwa kwa kodi ya Mjerumani mfanyakazi. Wasichosema ni kwamba nyingi zilinunuliwa wakati wa mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1920, hela ya Ujerumani ilipokuwa karatasi tupu na kila kitu kina masifuri kibao. Mfanyakazi wa 1937 anasoma namba ile kwa hela ya 1937, damu inachemka.

Kiingilio bure, watoto marufuku. Waliingia watu zaidi ya milioni 2, wengine kucheka kweli, na wengine, inajulikana, kwenda kuziaga.

## Zilikwenda wapi

Mnada wa Lucerne ulikuwaje?

Tarehe 30 Juni 1939, miaka miwili kamili tangu amri ya Goebbels, dalali Theodor Fischer alipiga mnada wa kazi 125 kwenye Grand Hôtel National mjini Lucerne, Uswisi. Ghali kuliko zote ilikuwa picha ya van Gogh aliyojichora mwenyewe, iliyotoka Munich, ikaenda kwa faranga 175,000 kwa Mmarekani Maurice Wertheim. Leo iko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Ya Folkwang iliyokuwepo pale ni "Waogaji na kobe" ya Matisse, ya 1908. Wanawake watatu uchi, nyuma yao mistari mipana ya kijani na bluu tu, wamemwinamia kobe mdogo mwekundu na mmoja kachuchumaa anamlisha jani. Joseph Pulitzer Jr., aliyekuwa fungate, aliinunua kwa faranga 9,100, na pembeni yake alikuwa Pierre Matisse, mtoto wa mchoraji mwenyewe. Sasa ipo makumbusho ya sanaa ya Saint Louis, Marekani. Faranga 9,100 kwa mojawapo ya Matisse muhimu zaidi, fikiria mwenyewe.

Walionunua si walikuwa wanawapa Wanazi hela?

Swali hilo lilikuwepo tangu siku ileile na wapo waliosusia mnada. Upande wa pili ulisema tusiponunua zitachomwa. Makumbusho ya sanaa ya Basel, chini ya Georg Schmidt, ilipewa faranga 50,000 na mji, ikapata kazi 21, ikiwemo picha ya rabi ya mchoraji Chagall, iliyotoka makumbusho ya Kunsthalle Mannheim. New York nayo, Museum of Modern Art mwaka huohuo ilichukua kazi tano za kundi hili, ikiwemo "Dirisha la bluu" la Matisse la Folkwang.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, na picha ya Chagall ipo leo kwa sababu kuna mtu alikubali kuchafua mkono. Lakini pia siwezi kumlaumu aliyekataa.

Ni kweli walizichoma?

Hesabu ya Wanazi wenyewe inasema 20 Machi 1939, kwenye uwanja wa zimamoto Berlin, zilichomwa picha za rangi 1,004 na kazi za karatasi 3,825. Watafiti bado wanabishana kama moto huo ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Kwamba nyingi ziliharibiwa, hilo halibishaniwi.

Madalali walikuwa kina nani?

Wanne ndo walipewa ruhusa: Karl Buchholz, Ferdinand Möller (yuleyule wa Kandinsky), Bernhard Böhmer na Hildebrand Gurlitt. Walichagulia kwenye ghala la jumba la Schönhausen, Berlin, na masharti yalikuwa kuuza nje kwa fedha za kigeni. Kila mmoja alikuwa na vitu vilivyobaki mikononi mwake, kimtindo. Gurlitt ndo maarufu kwa sababu ya mwanawe Cornelius: mwaka 2012 wapelelezi walikuta kwenye nyumba yake Munich kazi zaidi ya 1,000 za urithi wa baba, dunia ikajua 2013, na alipofariki 2014 aliziachia makumbusho ya Bern.

Hermann Göring, mmoja wa wakubwa wa Wanazi, naye alijikatia chake mapema. "Daktari Gachet" ya van Gogh, iliyotoka makumbusho ya Städel, Frankfurt, ilipita kwake ikauzwa nje, na mwaka 1990 ikafika dola milioni 82.5 mnadani New York. Städel ilibaki na fremu. Mwaka 2019 walipofanya maonesho makubwa ya van Gogh waliitundika ikiwa tupu, watu wakawa wanasimama mbele yake kuangalia ukuta.

## Sheria

Kwa nini hazirudishwi tu?

Kwa sababu kisheria hazikuibwa. Najua inakera.

Tarehe 31 Mei 1938, picha zikiwa zimeshabebwa tangu mwaka uliotangulia, Hitler alisaini sheria fupi iliyosema kazi za sanaa potovu zilizokuwa kwenye makumbusho au mikusanyiko iliyo wazi kwa umma zinaweza kutaifishwa na dola bila fidia. Yaani walichukua kwanza, sheria ikaja kusafisha baadaye, na ilisafisha pia mauzo ambayo madalali walikuwa wanayapanga.

Sasa mwenye mali alikuwa nani? Makumbusho ya umma, ya majimbo na ya miji. Na aliyechukua? Dola. Baada ya 1945 ikaonekana kwamba dola lilijinyang'anya lenyewe, mkono wa kulia umechukua kwa wa kushoto, na sheria ile haikufutwa kurudi nyuma. Kwa hiyo aliyenunua Lucerne alinunua kihalali. Saint Louis haina deni kwa Essen, Basel haina deni kwa Mannheim, na makumbusho ya Ujerumani yenyewe yameukubali utaratibu huo.

Kuna sababu nyingine ya kimyakimya. Picha nyingi hizi ziliishia kwenye makumbusho mengine ya Ujerumani hukohuko. Ukifungua mlango wa madai, Hamburg inaidai Köln, Köln inaidai Berlin, na kila mtu ana kitu cha mwenzake ukutani.

Mbona picha za familia za Kiyahudi zinarudishwa?

Kwa sababu hilo ni jambo jingine kabisa, usichanganye. Pale mtu binafsi aliporwa au kulazimishwa kuuza kwa sababu ya ubaguzi. Nchi 44 zilikubaliana kanuni za Washington Desemba 1998 kuhusu mali za namna hiyo. Makumbusho ya umma iliyotaifishwa na dola lake haimo humo. Picha mbili zinaweza kuwa zimekaa ghala moja Berlin, moja ikarudi kwa wajukuu na nyingine ikabaki kwa mnunuzi. Tofauti yao ni jina la mwenye mali lililoandikwa siku ile.

Je kama picha haikuwa ya makumbusho, iliazimwa tu?

Swali zuri, na hapo jibu la juu linapinda. Sophie Lissitzky-Küppers aliiazimisha makumbusho ya Hannover picha kadhaa mwaka 1926, kisha akahamia Umoja wa Kisovieti. Mojawapo ilikuwa "Hadithi ya kinamasi" ya Paul Klee. Mwaka 1937 wakaisomba pamoja na za makumbusho bila kujali ni ya nani. Ilizunguka sokoni mpaka 1982 ikaingia makumbusho ya Lenbachhaus, Munich, na familia ikaidai miaka mingi tangu 1992. Mwaka 2017 wakamalizana: picha imebaki Munich, warithi wakalipwa. Sophie mwenyewe hakuyaona hayo, alifariki Novosibirsk 1978.

Basi makumbusho yafanye nini, yakae tu?

Yanunue, kama yana hela. Folkwang ilifanya hivyo: picha ya Cézanne ya machimbo ya mawe ya Bibémus, iliyokuwa yao na ikapita mikononi mwa Göring, waliinunua tena 1964. Yaani picha ileile umeilipia mara mbili. Na bei ya soko haijali kwamba ulikuwa mwenye mali.

## Kuzitafuta leo

Nitajuaje kama picha ni ya kundi hili?

Wizara ya propaganda ilitunza orodha, kwa hilo tuwape haki yao, walikuwa makarani hodari. Ilichapwa kwa taipureta karibu 1942, juzuu mbili, imepangwa kwa mji kuanzia Aachen hadi Zwickau, zaidi ya mistari 16,000. Nakala kamili ipo Victoria and Albert Museum, London, iliyotolewa na mjane wa dalali Harry Fischer (sio Theodor wa Lucerne) mwaka 1996, na tangu 2014 mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti.

Nenda kwenye kurasa za Essen uone. Safu ya namba, jina la msanii, jina la kazi, halafu pembeni herufi moja. V ni imeuzwa, T imebadilishwa kwa kitu kingine, X imeharibiwa. Kuna kurasa unashuka na kidole X, X, X, X mpaka chini. Chuo Kikuu Huria cha Berlin nacho kina kanzidata inayofuatilia kila kazi kwa namba yake.

Bado zinaonekana mpya?

Ndiyo, na sio kwa Gurlitt tu. Januari 2010, mbele ya ukumbi wa jiji wa Berlin, watu walikuwa wanachimba njia ya treni ya chini ya ardhi, kijiko kikaleta kichwa cha shaba. Kilikuwa cha mwigizaji Anni Mewes, kilichotengenezwa na Edwin Scharff na kuchukuliwa Munich 1937. Wakaendelea kuchimba taratibu wakapata sanamu nyingine, jumla 16. Nyumba iliyokuwa hapo iliungua vitani, sanamu zikaporomoka na sakafu mpaka chini. Za shaba na udongo zilipona zikiwa na makovu ya moto. Kama kulikuwa na picha za turubai au mbao chumba kilekile, hizo ndo majivu yaliyokutwa yamezizunguka sanamu.

Na "Mnara wa farasi wa bluu"?

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote. Ya Franz Marc, ya 1913, ilikuwa Nationalgalerie. Ilitundikwa Munich, maofisa wa jeshi wakalalamika kwa sababu Marc alikufa Verdun 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia, akiwa mwanajeshi wa Ujerumani, wakaitoa. Ikaenda kwa Göring. Tangu 1945 haijulikani ilipo.

Wapo waliosema waliiona Berlin baada ya vita. Kilichobaki ni picha za rangi zilizochapwa kwenye vitabu, na kadi ndogo ya posta aliyoichora Marc mwenyewe kama rasimu, akamtumia mshairi Else Lasker-Schüler. Kadi hiyo ipo Munich, inaenea kiganjani, farasi wote wanne wamo.